Mafuriko ya Jangwani yanaanzia Pugu: kisa cha bonde la Msimbazi

Kila masika hapa Dar ni sinema ile ile. Mvua inapiga usiku kucha, asubuhi unasikia mwendokasi, yale mabasi ya haraka yenye njia yake, wamekata njia Jangwani, watu wanashushwa Magomeni Mapipa, wengine wanapandisha suruali mpaka magotini wavuke kwenda Fire, wengine wanazungukia Kigogo na bodaboda ambayo bei imeshapanda mara mbili, na mashabiki wa Simba siku hiyo wana kazi moja tu maana makao ya Yanga yako huko huko Jangwani na lile jina la "vyura" halikudondoka kutoka mbinguni. Tunacheka, tunarekodi video, jua linatoka, maji yanapungua, tunasahau mpaka vuli.

Mimi nimepanga Kigogo, baadae nikahamia Tabata, kwahiyo huu mto nimeuzoea kama jirani mkorofi. Na kadri nilivyoufatilia nimefika mahali naamini tunalia na maji wakati kinachotumaliza zaidi ni mchanga. Na ule mchanga sio wa Jangwani.

Tuanze na mto wenyewe. Msimbazi sio mto mkubwa jamani. Urefu wake kama kilomita 35, unaanzia vilima vya Pugu upande wa Kisarawe mkoa wa Pwani, unashuka maeneo ya Gongo la Mboto na Ukonga, unakuja Vingunguti, Tabata, Kigogo, Jangwani, alafu unaingia baharini pale Upanga kwenye daraja la Salenda (jina lenyewe ni Selander, mzungu aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza wa kazi za umma enzi za Waingereza, sisi tumeshalifanya letu). Njiani unapokea vijito kibao, Ubungo, Luhanga, Mto Ng'ombe ambao wengine wanauita Sinza. Eneo lote ambalo maji yake yanaishia humo ni kama kilomita za mraba 289, na hapa ndo watu wengi tunapotea, tunadhani bonde ni lile tope tunaloliona kupitia dirisha la basi, kumbe bonde ni pamoja na bati la nyumba yako ya Kinyerezi na ile paving uliyomwaga uwanja mzima ili gari isikanyage vumbi.

Kiangazi ukienda sehemu za juu unauruka mto bila kulowa kiatu. Mvua ya masaa mawili tu, hapo hapo pana maji ya kubeba friji. Sababu haina uchawi, vilele vya Pugu viko kama mita 300 juu ya bahari na safari ya kufika baharini ni fupi, kwahiyo maji yana mwendo, na siku hizi hayana pa kunywewa. Sensa ya 1967 mkoa wa Dar ulikuwa haujafika watu laki nne, sensa ya 2022 imetoa watu 5,383,728. Hao watu wote wana paa, wana barabara, wana ua uliopigwa saruji. Mvua ambayo zamani ingelala kwenye nyasi na kuingia ardhini taratibu siku mbili tatu, saivi inateremka yote kwa mpigo ndani ya masaa machache. Hapo bado hatujagusa mchanga.

Sasa udongo wa kule juu ni kichanga, mwepesi, ukiuvua majani tu umekwisha. Na tumeuvua kweli kweli. Msitu umekatwa mkaa miaka na miaka, viwanja vimepimwa na ambavyo havijapimwa vimeuzwa hivyo hivyo kwa karatasi ya mjumbe, greda inachonga barabara ya mtaa bila mtaro, mvua ya kwanza barabara inageuka korongo. Alafu kuna wachimba mchanga wa ndani ya mto. Wanachofanya wengi hawakielewi madhara yake, wanaona wanatoa mchanga kwahiyo wanausaidia mto. Ukichimba kitako cha mto sehemu za juu, mto unashuka chini, kingo zinabaki zimesimama wima kama ukuta, mvua kubwa ikija maji yanakula mguu wa ule ukuta na ukuta wote unadondoka ndani na mnazi wake na choo cha mtu. Umetoa tripu moja ya fuso, mto umejilipa tripu kumi.

Mzigo wote huo unasafiri vizuri tu huku mlimani kwasababu maji yana kasi. Ukifika Kigogo na Jangwani ardhi imekuwa tambarare, mto unapunguza mwendo, mkono unachoka, unatua mzigo. Kila mvua unatua kidogo. Kitako kinapanda, nafasi ya chini ya daraja inapungua, na mvua ambayo miaka ya nyuma ingepita bila kelele saivi inapanda barabarani. Kwa hiyo hata kama mvua isingeongezeka hata tone, Jangwani ingezidi kufurika.

Mwaka fulani walikuja na eskaveta kusafisha kipande cha mto karibu na kwetu na wakaacha ukingo umekatwa wazi kama keki, urefu wa kunizidi mimi. Nikashuka kuangalia. Juu mchanga msafi mweupe wa chengachenga, chini yake tope jeusi linalonuka, tena mchanga, tena tope, zamu kwa zamu, na kila tabaka lina takataka zake. Karibu na juu chupa za maji na vifuniko vya rangi rangi. Chini zaidi mifuko ya rambo ile iliyopigwa marufuku Juni 2019. Chini tena, nikachokonoa na kijiti, vikatoka viroba vya pombe, vile vipakiti vya plastiki ambavyo serikali ilivifuta Machi 2017. Najua plastiki inazurura, kiroba kinaweza kukaa mtaroni miaka mitatu ndo kishuke mtoni kwahiyo huwezi kuweka mkono kwenye msahafu kwamba tabaka hili ni mwaka fulani. Lakini kutoka kwenye viroba mpaka juu ukingoni ilikuwa ni zaidi ya kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, na viroba havijafutwa zama za Mkoloni.

Kulikuwa na mzee amekaa kwenye ndoo anaangalia eskaveta inavyofanya kazi. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika, "Marahaba mwanangu, umepoteza nini humo?" Nikamwambia natafuta mto ulikuwa wapi zamani. Akacheka, akasema, "Mto ulikuwa huko chini ya miguu yako, sisi tumeogelea huko." Alafu akanionyesha mkono upande wa pili, akaniambia huo mchanga wanaoutoa wanauweka ukingoni, mvua ikija utarudi wenyewe hata hautahitaji nauli. Na kweli walikuwa wameurundika mita chache tu kutoka kwenye maji.

Kitu kingine kinachosahaulika ni bahari. Mto unaweza kushuka kadri unavyotaka lakini unapotokea Salenda unakutana na mwenye nyumba. Siku za maji mafu haina shida sana. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, bahari inajaa mpaka ndani kwenye mikoko, na kama kilele cha mafuriko kimefika saa ile ile ya maji kujaa, mto hauna pa kwenda, unarudi nyuma, unasambaa Hananasif, Mkwajuni, Jangwani yote. Wavuvi wa Kunduchi wanaijua hii kalenda kichwani. Sisi wa nchi kavu tunaangalia mawingu tu.

Sasa mji umefanya nini na huu mto? Hapa kisa ndo kinanoga.

Kwanza watu wasiseme hatukujua. Mpango mkuu wa jiji wa 1979 uliliweka bonde la Msimbazi kwenye maeneo hatarishi ambayo sio ya kujenga. Sheria ya Mazingira ya 2004 kifungu cha 57 nayo inasema mita 60 kutoka ukingo wa mto zisiguswe na shughuli za kudumu. Karatasi zipo. Ila watu wanaotafuta pa kulala karibu na Kariakoo hawasomi mpango mkuu, wanauliza bei, na bondeni bei ilikuwa nafuu, na serikali hiyo hiyo iliwawekea umeme na maji na kuwafungulia vituo vya kupigia kura, sasa utamwambiaje mtu yupo kimakosa.

Ikaja Desemba 2011. Tarehe 20 mpaka 22 ilinyesha mvua ambayo mamlaka ya hali ya hewa ilisema haijaonekana kwa zaidi ya miaka 50, watu zaidi ya 40 wakafa, maelfu wakabaki bila makazi, tunakaribia kusherehekea Krismasi watu wako juu ya mabati wanasubiri kuokolewa. Serikali ikawahamishia waathirika Mabwepande, kaskazini kabisa mwa jiji, wakapewa viwanja na mahema ya kuanzia. Nia nzuri. Lakini mama ntilie wa Jangwani wateja wake wako Kariakoo, ukimpeleka Mabwepande umempa kiwanja na umemnyang'anya kazi, nauli ya kwenda na kurudi inakula faida yote. Baadhi wakakaa wakajenga, wengine wakauza au wakapangisha wakarudi mjini, na wengine wakarudi bondeni kule kule.

Desemba 2015 ikawa zamu ya bomoabomoa. Alama nyekundu za X ukutani, tingatinga Mkwajuni na Hananasif, watu mahakamani, kelele nchi nzima. Mimi sitetei kujenga mtoni, ila angalia matokeo kwa macho ya mto: nyumba zimetoka, kifusi kimebaki, huko Pugu hakuna hata jiwe lililohamishwa, mchanga ukaendelea kushuka kama kawaida. Na mwaka uliofata, Mei 2016, mwendokasi ikaanza kazi na yadi yake kubwa ikiwa imekaa ndani ya lile lile bonde walilotoka kubomolewa watu. Nadhani hakuna mfano mzuri kuliko huo wa jinsi mji unavyoweza kufukuza kwa mkono wa kushoto na kujenga kwa mkono wa kulia. Yadi ikafurika, mabasi yakaingia maji, sio mara moja. Mafuriko ya Aprili 2018 peke yake Benki ya Dunia ilikadiria kaya za Dar zilipoteza kama dola milioni 100, na hiyo ni hasara ya majumbani, magodoro, mitaji, siku za kazi.

Katikati ya hayo yote kuna kusafisha mto. Kila mwaka eskaveta. Silaumu, bila hiyo ingekuwa mbaya zaidi, lakini ni sawa na kudeki sebule huku bomba limepasuka jikoni.

Ndo mwaka 2018 wakafanya kitu tofauti kidogo. Kuanzia Januari mpaka Agosti kukawa na mfululizo wa vikao vya kupanga bonde zima kwa pamoja, wizara, manispaa, watu wa bonde la maji, wahandisi, wakazi, wote meza moja na ramani moja. Na ramani zilikuwepo kwasababu tangu 2015 vijana wa vyuo vya Ardhi na UDSM pamoja na wakazi walikuwa wanapita mtaa kwa mtaa kupitia mradi wa Ramani Huria, wanapima mitaro, wanauliza wenyeji maji yalifika wapi, goti au kiuno. Kwa mtu ambaye amezoea mipango inayochorwa na mtu asiyejua Suna ya Magomeni iko wapi, hilo lilikuwa jambo.

Wazo lililotoka hapo kwa kifupi ni kuupa mto nafasi yake. Sehemu ya chini, bonde linapanuliwa na kushushwa ili maji yawe na pa kukaa, udongo unaochimbwa unatumika kuinua kingo za pembeni ziwe juu ya maji na ndo pa kujenga, katikati panabaki bustani kubwa ya jiji ambayo ikifurika hakuna anayekufa, daraja la Jangwani linainuliwa, yadi ya mabasi inahama. Sehemu ya juu, kupanda miti, kutibu makorongo, kuzuia udongo usishuke. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 200, Hispania na Uholanzi nao wakaongeza, usimamizi ukapewa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, chini ya TAMISEMI. Fidia zikalipwa, kukawa na mivutano ya kutosha kuhusu nani analipwa ardhi na nani analipwa kuta tu, nyumba za bondeni zikaanza kushuka, safari hii wengi wakibomoa wenyewe na kubeba mabati na nondo zao.

Msimamo wangu? Mpango ni mzuri, pengine mzuri kuliko vyote tulivyowahi kuwa navyo. Hofu yangu iko kwenye mpangilio wa nani anapata macho ya watu. Daraja lina picha, lina jiwe la msingi, lina utepe, waziri anakata. Korongo la Pugu lililozibwa kwa mawe na majani ya vetiva halina utepe. Ukijenga daraja refu juu na huku mlimani hujagusa, mchanga hautajali daraja ni jipya, utatua pale pale, na ule uwazi mkubwa ulioulipia kwa mkopo utaanza kujaa kuanzia masika ya kwanza. Basi tunarudi kwenye eskaveta, safari hii kwa eneo kubwa zaidi.

Lingine ni huu mchezo wa kusakafia vijito. Mto Ng'ombe umejengewa kingo kupitia DMDP, ule mradi mkubwa wa kuboresha miundombinu ya jiji, na watu wa Tandale na Sinza wana haki kabisa ya kufurahi, mafuriko yao yamepungua, harufu imepungua, hata kodi imepanda. Ila maji hayajapotea, yamepewa lami. Yanafika huku chini Hananasif mapema na kwa pamoja, yanakutana na ya Msimbazi kabla ya Salenda. Ukitengeneza mtaro wa kasi juu lazima ujiulize chini umeandaa bwawa gani la kuyapokea. Kama kila manispaa inasukuma maji yake haraka yatoke mpakani kwake, aliye mwisho anakufa nayo. Na mipaka ndo ugonjwa wenyewe hapa: chanzo kiko Kisarawe mkoa wa Pwani, kati kuna Ilala, Ubungo, Kinondoni, msitu ni wa TFS, maji ya mtoni ni ya Bodi ya Bonde la Wami/Ruvu, mitaro na barabara za mtaa TARURA, barabara kubwa TANROADS, majitaka DAWASA, mazingira NEMC. Mchanga unapita kwa hao wote bila kibali cha hata mmoja.

Alafu kuna viumbe, ambao kwenye hii mijadala huwa wanatajwa mwisho kama salamu za barua. Mimi naona ndo wenye kazi. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ni mabaki ya misitu ya pwani ya zamani sana, ndani kuna komba mdogo wa Rondo ambaye dunia nzima anapatikana kwenye misitu michache tu ya pwani ya Tanzania, na mwaka 2020 misitu hiyo ikapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Ni umbali wa daladala kutoka Kariakoo, yaani mtu analala na komba adimu duniani akiwa jirani na hajui. Ila hata kama komba hakuhusu, ule msitu ndo sponji la mto. Majani yaliyooza chini ya mti yananyonya mvua na kuiachia kidogo kidogo, mizizi inashika kichanga. Gunia la mkaa linaloshuka Pugu linashuka na udongo wake nyuma.

Mwisho wa mto kuna mikoko ya Salenda. Wakati wa maji kupwa simama pale darajani uangalie, utaona mchu, ule mti ambao mizizi yake inachomoza juu ya tope kama penseli elfu zimechomekwa, yangeyange wanatembea katikati wanadokoa. Zile penseli ni pua. Mti unapumulia hapo kwasababu kwenye tope hakuna hewa. Mchanga mwingi ukishuka kwa mkupuo ukazifukia, mti unakosa pumzi, unakauka umesimama. Na mikoko ndo inayovunja nguvu ya wimbi na kuchuja taka kabla hazijafika baharini, na samaki wadogo wanakulia humo. Kwahiyo kichanga kile kile kinachoziba daraja Jangwani ndo kinachozika pua za mchu Salenda, na kimetoka kwenye kilima kile kile ambacho komba amebakiza miti michache. Huwezi kusema huyu anashughulika na mafuriko na yule anashughulika na mazingira.

Ningekuwa na kauli kwenye hela ile ningeanza na vitu visivyo na picha. Mabwawa madogo ya kutega mchanga kwenye vijito vya juu, yanasafishwa kila kiangazi, na mchanga wake unauzwa kihalali ili wale vijana wa koleo wawe na kazi badala ya kukimbizana na askari mtoni. Maana ukiwafukuza tu bila kuwapa pa kuchimba watarudi usiku, mjini nyumba zinajengwa kila siku na mchanga unahitajika. Kila barabara ya mtaa inayochongwa iwe na mtaro kabla greda haijaondoka. Na udongo unaotolewa mtoni usilale ukingoni hata siku moja, yule mzee wa ndoo alishamaliza hiyo mada.

Namna ya kujua kama tunaenda sawa wala haihitaji mashine. Masika ikianza, mvua kubwa ya kwanza, pita Pugu Road chukua maji ya mto kwenye chupa tupu ya maji ya Uhai, iweke dirishani mpaka kesho yake asubuhi, alafu pima kwa kidole mchanga uliotulia chini. Mimi ya mwaka huu ilifika vidole viwili. Chupa bado ninayo jikoni, mama watoto anataka kuitupa.